Mikate miwili ya Benjamin Franklin: kujifunza maisha yote na kutoa ukiwa bado huna kitu

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, habari za jioni.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za vijana wanaouliza njia ya kufanikiwa, na karibu katika kila uzi nakuta ahadi ileile: Mungu akinijalia nikapata, nitarudi kusoma, kisha nitawasaidia wenzangu. Yaani kupata kwanza, kusoma baadaye, kutoa mwisho. Mimi ni fundi wa uchapaji hapa Dar es Salaam, kazi niliyoiingia nikiwa mwanagenzi wa miaka 19, na muda wote niliokaa karibu na mashine umenifanya niamini kwamba mpangilio huo umepinduka. Naomba nieleze kwa kutumia maisha ya mtu wa kazi yangu, Benjamin Franklin wa Philadelphia, ambaye wengi wetu tunamjua kwa sura yake iliyo kwenye noti ya dola 100. Historia humtaja zaidi kwa majaribio ya umeme na kwa siasa za kuundwa kwa Marekani, lakini yeye mwenyewe alipoandika wasia wake alijitambulisha kwanza kuwa mchapaji, na ndiye mchapaji huyo ninayetaka tumjadili.

Alizaliwa Boston mwaka 1706, katika nyumba ya mtengeneza sabuni na mishumaa aliyejaliwa watoto 17. Shule aliisoma miaka miwili tu. Alipofika umri wa miaka 10 baba yake alimtoa na kumweka kwenye kazi ya mishumaa, na akiwa na miaka 12 alifungwa kwa mkataba wa uanagenzi kwa kaka yake James, aliyekuwa na kiwanda cha chapa. Hesabu zilikuwa zimemshinda mara mbili shuleni. Akiwa tayari kazini, aliona aibu kwa kutokujua kwake, akachukua kitabu cha hesabu na kukimaliza peke yake bila taabu kubwa.

Vitabu alivipataje? Wanagenzi wa maduka ya vitabu walimwazima kitabu jioni, naye alikesha akikisoma ili kirudi dukani asubuhi kabla hakijatafutwa. Mfanyabiashara mmoja aliyezoea kufika kiwandani, Matthew Adams, alimkaribisha kwenye maktaba yake ya nyumbani. Alipoacha kula nyama, alimwomba kaka yake ampe nusu ya fedha iliyolipiwa chakula chake ili ajilishe mwenyewe, na katika nusu hiyo akabakiza nusu nyingine ya kununulia vitabu. Ili ajue kuandika, alichukua insha zilizochapwa London, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuzijenga upya kwa maneno yake na kulinganisha kazi yake na ile ya asili. Hapo ndipo nawaomba tutulie kidogo, kwa sababu tunapenda kumsimulia kama mtu aliyejisomesha peke yake. Juhudi ilikuwa yake, lakini vitabu vingi vya mwanzo vilitoka mikononi mwa watu waliokubali kuazima, na baadhi yao walikuwa vijana maskini waliojiweka hatarini mbele ya mabwana zao.

Mwaka 1723, akiwa na miaka 17, alimtoroka kaka yake na kufika Philadelphia akiwa na dola moja ya Kiholanzi na sarafu za shaba zenye thamani ya shilingi moja hivi. Sarafu zile aliwapa wenye mashua kuwa nauli. Walizikataa kwa kuwa alikuwa amesaidia kupiga makasia, naye akasisitiza wazipokee. Kisha akanunua mikate mitatu ya peni moja moja, akala mmoja barabarani huku miwili ameibana kwapani, na alipotosheka akampa ile miwili mwanamke mmoja na mtoto wake waliokuwa wamesafiri naye na ambao safari yao ilikuwa bado inaendelea. Uzeeni aliposimulia habari ya nauli ile, aliandika kwamba pengine mtu huwa mkarimu zaidi anapokuwa na kidogo kuliko anapokuwa na kingi, labda kwa kuogopa kudhaniwa kwamba hana. Nampenda kwa maneno hayo. Hakujisifu, alikiri kwamba hata katika utoaji wake kulikuwa na hofu na fahari ya ujana, lakini mikate ilimfikia yule mama vilevile.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoiona kuwa kiini cha maisha yake, nayo ni Junto, kikundi cha majadiliano alichokianzisha na wenzake.

Mwaka 1727 Franklin alikuwa kijana wa miaka 21, asiye na kiwanda wala akiba, aliyekwisha kwenda London kufanya kazi ya chapa na kurudi. Aliwakusanya wenzake wachache wakawa wanakutana kila Ijumaa jioni. Tazameni walikuwa nani: mkata vioo, fundi viatu, seremala, mpimaji ardhi, mnakili wa hati, karani wa mfanyabiashara, wachapaji wenzake, na kijana mmoja tu mwenye mali. Kila mmoja alipaswa kuleta maswali ya kujadiliwa kuhusu maadili, utawala au elimu ya maumbile, na kila baada ya miezi mitatu asome insha aliyoiandika mwenyewe. Ili watu wasigombane, aliyesema kwa ujeuri wa mtu asiyeweza kukosea, au aliyempinga mwenzake waziwazi bila adabu, alitozwa faini ndogo.

Lakini kikao hakikuwa darasa tu. Katika maswali waliyosomewa kila walipokutana kulikuwa na haya: Je, yuko mgeni aliyefika mjini ambaye tunaweza kumfaa? Je, mnamfahamu kijana mwenye bidii aliyefungua kazi karibuni ambaye tunaweza kumtia moyo? Je, wewe uliyepo hapa una nia gani njema ambayo sisi tunaweza kukusaidia kuitimiza? Kwa hiyo mtu alikuja na alichokijua, akaondoka na alichokijua mwenzake, na juu ya hayo akawekewa wajibu wa kumtazama mtu wa tatu ambaye hata hakuwemo chumbani. Sisi tuna upatu na vikoba, na tunajua jinsi fedha kidogo ya kila mmoja inavyokuwa kubwa ikizungushwa. Wale walikuwa wakizungusha elimu.

Na faida ilirudi mapema. Franklin alipofungua kiwanda chake pamoja na mwenzake Hugh Meredith, yule mnakili wa hati, Joseph Breintnall, aliwatafutia kazi kubwa ya kuchapa kurasa za kitabu cha historia ya Waquaker, madhehebu ya Kikristo, bango 40 kamili, yaani karatasi kubwa zinazobeba kurasa kadhaa. Malipo yalikuwa duni. Franklin alipanga herufi za bango moja kila siku, na usiku mmoja kurasa mbili za kazi ya siku hiyo zilipovunjika na herufi kutawanyika, alizipanga upya kabla ya kulala. Wenzangu wa chapa mtaelewa uchungu wa jambo hilo. Majirani waliona taa yake ikiwaka, na wafanyabiashara wa mji wakaanza kusema kwamba kijana yule atafika mbali.

Kisha ikaja shida. Baba yake Meredith, aliyekuwa amekubali kuilipia mitambo ya kiwanda, hakuweza kumaliza deni lake, na wadai wakawafikisha mahakamani. Hapo wanachama wawili wa Junto, karani William Coleman na yule kijana mwenye mali Robert Grace, walimwendea Franklin kila mmoja kwa wakati wake, bila yeye kuwaomba na bila mmoja kujua habari ya mwingine, wakamwambia wako tayari kumpa fedha za kukimiliki kiwanda peke yake. Alichukua nusu kwa huyu na nusu kwa yule, asije akamvunja moyo mmoja wao. Hayo ndiyo yaliyomfanya awe na kiwanda chake akiwa kijana wa miaka 24.

Mwaka 1731 kikundi hicho kilizaa maktaba. Kwanza walikuwa wamekusanya vitabu vyao vya nyumbani katika chumba kimoja, lakini havikutunzwa vizuri na baada ya mwaka kila mtu akachukua vyake. Badala ya kukata tamaa, Franklin aliandika mpango mpya: watu 50, kila mmoja shilingi 40 za kuanzia, kisha shilingi 10 kila mwaka. Alipokuwa akizunguka kuomba watu wajiunge, aligundua kwamba wanasita kumuunga mkono mtu anayeonekana kutafuta sifa, kwa hiyo akajificha na kuuita mpango wa marafiki kadhaa. Maktaba ile ipo Philadelphia hadi leo. Yeye mwenyewe aliitumia kusoma saa moja au mbili kila siku, akisema kwamba kwa njia hiyo alijilipa kiasi fulani cha elimu ambayo baba yake aliwahi kukusudia kumpa.

Naomba sasa mfuatane nami katika jambo moja ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko yote. Huko London alikuwepo mfanyabiashara, Peter Collinson, aliyeisaidia maktaba hiyo kununua vitabu kwa miaka mingi bila kutoza malipo. Katika miaka ya 1740 aliipelekea zawadi ya bomba la kioo pamoja na maelezo ya kulitumia katika majaribio ya umeme. Franklin alikuwa amekaribia miaka 40, mchapaji asiye na chuo, na hakuwa mtaalamu wa fani hiyo. Akalichukua bomba lile, akajifunza, akawaita majirani waone, akawatengenezea marafiki mabomba kama hayo ili nao wajaribu, na akawa anamwandikia Collinson kila alichokigundua. Barua hizo zilichapwa London mwaka 1751, na mwaka 1753 chama cha wanasayansi cha Uingereza, Royal Society, kilimpa medali ya Copley. Mtu aliyefungua maktaba ili mafundi wenzake wasome ndiye aliyekabidhiwa na maktaba hiyohiyo chombo kilichompa heshima ya dunia. Angekuwa ameficha vitabu vyake kabatini, lile bomba lingemfikia kwa njia gani?

Mchangiaji kutoka Moshi

Mkuu, nakushukuru kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Hata hivyo naomba nipinge kidogo. Nimewahi kusoma kwamba Franklin aliwafungulia vijana wake viwanda katika miji mingine, na kwamba yeye alipokea theluthi ya faida. Hiyo ni biashara halali kabisa, lakini sioni sababu ya kuiita ukarimu. Je, hatuchanganyi hekima ya mfanyabiashara na moyo wa kutoa?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Moshi, umesoma sawasawa, na pingamizi lako ni la haki. Mwaka 1731 alimpeleka kijana wake Thomas Whitmarsh mjini Charleston, South Carolina, akampa mtambo na herufi, akalipa theluthi ya gharama na kupokea theluthi ya faida kwa mkataba wa miaka sita. Ilikuwa biashara. Ninachokiona mimi ni kwamba fundi mwingine angemzuia kijana huyo, kwa sababu kijana anayejua kazi yote ni mshindani wa kesho. Franklin alimfundisha mpaka mwisho, kisha akamfungulia mlango. Baada ya Whitmarsh kufariki alikwenda Louis Timothée, ambaye ndiye aliyekuwa mkutubi wa kwanza wa ile maktaba, na yeye alipofariki mwaka 1738 mjane wake Elizabeth aliendesha kiwanda. Mama huyo alizaliwa Uholanzi, ambako Franklin aliambiwa kwamba wasichana hufundishwa kutunza hesabu, na hesabu zake zilifika kila robo mwaka zikiwa safi kuliko za mumewe. Mkataba ulipokwisha alikinunua kiwanda na kumkabidhi mwanawe. Franklin alipoyaeleza hayo alipendekeza mabinti wote wafundishwe hesabu za biashara, maana zitawafaa wakifiwa kuliko muziki na kucheza dansi. Aliwapa elimu, na yeye akajifunza kutoka kwao.

Ukitaka utoaji usio na theluthi, upo. Kaka yake James, yule aliyemtoroka na ambaye aliwahi kumpiga, alipokuwa mgonjwa alimwomba Ben amchukue mwanawe wa miaka 10 na kumlea katika kazi ya chapa. Franklin alimsomesha kijana huyo miaka kadhaa kabla ya kumwingiza kazini, na alipokuwa mtu mzima akamsaidia kwa kumpa herufi mpya, kwa kuwa za baba yake zilikuwa zimechakaa. Vilevile, alipobuni jiko la chuma lililopasha nyumba joto kwa kuni chache, gavana wa Pennsylvania alitaka kumpa hakimiliki ya kuliuza peke yake. Aliikataa, kwa hoja kwamba sisi hufaidi mambo mengi yaliyobuniwa na wengine, na tunapaswa kufurahi tunapopata nafasi ya kuwafaa wengine kwa tulichobuni. Muuza vyuma mmoja wa London alibadilisha vitu vidogo katika jiko hilo, akachukua hakimiliki huko kwao na kujipatia fedha. Franklin alijua, na hakumshitaki.

Niongeze ushahidi wa maisha yangu, mwanipime. Fundi wangu wa kwanza alikuwa hodari wa rangi kuliko mtu yeyote niliyemwona, lakini alipochanganya wino alifunga mlango. Miaka minne nilibeba karatasi na kuosha mashine, na sikujua rangi ya bluu ya nembo za wateja wetu inapatikanaje. Fundi wa pili, mzee niliyemfuata baadaye, aliniweka mbele ya mashine ya ofseti wiki ya kwanza na kunieleza kila alichokifanya. Kompyuta zilipoingia katika kazi yetu, kila mmoja wa wazee hao alikuwa amepita miaka 50. Yule wa pili alikuwa na vijana wanane aliowafundisha, nao walipokezana kukaa naye jioni mpaka akajua kupanga kurasa kwenye kompyuta. Alifanya kazi miaka mingine 11. Yule wa kwanza hakuwa na kijana wa kumwendea, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu kitu cha kumrudishia. Simsimangi, naamini aliogopa njaa. Lakini tangu hapo sijaweza tena kuiona elimu na ukarimu kuwa mambo mawili tofauti.

Mchangiaji kutoka Zanzibar

Assalamu alaykum. Mada ni nzuri, ila nahisi kuna jambo halijasemwa. Franklin alimiliki watumwa. Sisi tuliokulia hapa Unguja, karibu na palipokuwa soko la watumwa, hatuwezi kulipita jambo hilo kimya tunapomsifu mtu kwa ukarimu.

Mwanzisha uzi

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Ahsante kwa kunisahihisha. Nilipaswa kuanza nalo. Ni kweli: alimiliki watumwa kwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu. Wakati Junto ikijadili wema, wapo binadamu mjini mle ambao kwa mawazo ya wanachama wengi hawakuhesabika miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa.

Ninachoweza kuongeza ni namna alivyobadilika, kwa kuwa kubadilika huko kulitokana na kuona na kujifunza. Mwaka 1763, akiwa na miaka 57, alitembelea shule ya watoto Weusi mjini Philadelphia, na baadaye akaandika barua akikiri kwamba uwezo wao wa kuelewa na kukumbuka ni sawa na wa watoto Weupe, na kwamba sasa anauheshimu uwezo wa maumbile wa watu Weusi kuliko alivyowahi kufanya kabla. Bado ilipita miaka mingi. Mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na Februari 1790 alitia saini ombi lililopelekwa kwenye Kongresi kutaka utumwa ukomeshwe. Alifariki Aprili 17 mwaka huohuo, akiwa na miaka 84. Sisemi kwamba ombi hilo linafuta yaliyotangulia, kwa sababu waliouzwa kupitia matangazo yale hawakurudishiwa maisha yao. Nasema kwamba mtu aliyeacha kujifunza akiwa na miaka 50 angekufa na mawazo ya zamani.

Mchangiaji, fundi cherehani, Morogoro

Kaka, nimefuatilia tangu mwanzo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina cherehani tatu na wasichana wawili ninaowafundisha. Sina maktaba wala mtaji wa kumkopesha mtu. Je, katika habari za mzee huyu kuna jambo la mtu wa hali yangu?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, lipo, na nalipenda kuliko yote. Mwaka 1784, akiwa Ufaransa, alimpelekea mtu mmoja aliyekuwa na shida louis 10, sarafu za dhahabu za huko, na akamwandikia kwamba hampi, anamkopesha. Sharti lilikuwa kwamba atakapojiweza asimrudishie yeye, bali amtafute mtu mwaminifu mwenye shida kama yake, ampe fedha hizo, na amwekee sharti lilelile, ili zipite mikono mingi kabla ya kukutana na mlaghai wa kuzikatisha. Alieleza wazi kwamba hiyo ni hila yake ya kufanya wema mwingi kwa fedha kidogo, kwa kuwa yeye si tajiri wa kutoa nyingi. Wasichana wako wawili unaweza kuwakopesha ujuzi kwa mkataba huo: atakayefungua kibanda chake amfundishe mwingine mmoja bila ada.

Na katika nyongeza ya wasia aliyoiandika mwaka 1789 aliacha pauni 1,000 kwa mji wa Boston na 1,000 kwa Philadelphia, zikopeshwe mafundi vijana wa chini ya miaka 25, waliooa na waliomaliza uanagenzi, kwa riba ya asilimia 5, wakiwa na wadhamini wawili, na kulipa kidogo kidogo kwa miaka 10. Sababu aliitaja mwenyewe: alipoanza kazi yake Philadelphia, marafiki wawili walimkopesha fedha, na mkopo huo ndio uliokuwa msingi wa mali yake. Ni walewale wawili wa Junto, baada ya takriban miaka 60. Hesabu zake hazikutimia zote, maana hakujua kwamba viwanda vikubwa vingekuja na kuumaliza uanagenzi, na wakopaji wakapungua. Hata hivyo sehemu ya fedha ya Boston ilijenga chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1908, na muda wa miaka 200 alioupanga ulipofika, hesabu za mwisho za miaka ya 1990 zilikuta zaidi ya dola milioni 4 za Boston na takriban milioni 2 za Philadelphia.

Kuhusu pa kuanzia, nitakueleza tulivyofanya sisi. Tangu mwaka jana mafundi wanne wa mtaa wetu tunakutana Ijumaa baada ya kufunga kazi, na swali la kwanza tunalosomeana ni lile la Junto, kwamba yuko kijana gani aliyefungua kazi karibuni ambaye tunaweza kumfaa. Wiki iliyopita alitajwa kijana wa kuunganisha vitabu aliyekuwa hana kisu cha kukatia karatasi. Mmoja wetu alikuwa na viwili.